Taa Ilikuwa ya Kijani

Taa ilikuwa ya kijani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee katika kisa hiki ambalo watu wote wamekubaliana nalo, na hata hilo liliwachukua siku tisa. Mengine yote, ukimuuliza askari utapata jibu lake, ukimuuliza wakili utapata lingine, na ukiniuliza mimi nitakuomba kwanza uniache nikae.

Mimi ni fundi cherehani. Nina karakana ya vyerehani vinane, tunashona sare za shule, na gari langu dogo ndilo linalozipeleka. Kamera niliifunga kwenye kioo cha mbele mwezi mmoja kabla ya ajali, baada ya mtu asiye na haya kunivunjia taa ya nyuma sokoni na kwenda zake. Muuza vifaa vya magari aliniambia, "Mama, ukiwa na hii hakuna wa kukusingizia." Nikalipa. Hakuniambia kwamba inatazama mbele tu, na kwamba nyuma nitaendelea kugongwa kama kawaida. Wala hakuniambia kwamba inasikia.

Jumanne asubuhi nilikuwa na mdogo wangu kwenye kiti cha kando, na marobota mawili ya sketi nyuma. Tukafika kwenye makutano ya barabara karibu na benki, nikapita, nikamgonga mtu wa baiskeli aliyekuwa akitokea upande wangu, wa kulia. Alikuwa msambaza mikate. Kreti zilipasuka, mikate ikatapakaa barabarani, naye akalala katikati yake ameshika mguu. Mdogo wangu ndiye aliyemfikia kwanza. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Hakulia. Aliuliza tu, mara tatu au nne, kama kuna mikate iliyosalimika.

Askari wa trafiki alipofika, mtu wa mikate akasema taa yake ilikuwa ya njano. Mimi nikasema yangu ilikuwa ya kijani. Waliokusanyika wakagawanyika, wengine huku wengine kule, na nina hakika nusu yao hawakuona chochote zaidi ya mikate. Hapo mdomo wangu ukaniponza. Nikasema mbele ya umati, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda, "Afande, mimi nina kamera."

Askari alifurahi kweli. Hakuwa na mashine ya kuisomea pale barabarani, kwa hiyo akaniambia niitunze kadi ya kamera inayohifadhi picha, nisiiguse, niilete kituoni Alhamisi ya wiki inayofuata, siku atakayoziita pande zote mbili. Nikaandika maelezo yangu kwenye boneti: nilikuwa kwenye mwendo wa kawaida, taa ilikuwa ya kijani, mwendesha baiskeli alijitokeza ghafla. Nikatia sahihi nikijiona nimeandika ukweli mtupu.

Kesho yake msimamizi wa kiwanda cha mikate alikuja karakana. Mtu mpole, anafuta miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Aliifuta kwa muda mrefu, kisha akanieleza kanuni yao: mwendesha baiskeli wao akipita taa nyekundu na kusababisha ajali, kazi hana, na matibabu ni juu yake mwenyewe. Kama kosa ni la dereva, bima ya dereva inalipa na kazi yake inamngoja mpaka apone. "Tumeambiwa una kamera," akasema. "Sisi tutafuata itakavyosema." Kwa upande wangu askari alikuwa ameshanionya: kosa likiwa langu, leseni inazuiwa miezi sita. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu.

Jioni hiyo, mafundi walipoondoka, nilichomeka kadi kwenye kompyuta ninayochorea vipimo. Nilitaka tu kujiona nilivyo na haki.

Picha ilikuwa safi. Makutano hayo, benki hiyo, taa ya kijani inang'aa hata mtoto wa chekechea angeiona. Baiskeli inaingia kutoka kulia, inakua, inajaa kwenye kioo. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona kialama cha spika pale chini, nikakibonyeza.

Kwanza ilisikika redio. Kisha sauti ya mdogo wangu: "Dada, nina jambo. Ila usimwambie mtu. Nina mimba. Hii ni wiki ya kumi." Kisha mimi: "Nini?" Kisha kimya. Kisha yeye: "Dada, tazama mbele. Dada, kuna mtu." Kisha ule mlio.

Niliirudia nikihesabu. Kutoka "Nini?" mpaka mlio ni sekunde nne. Baiskeli inaonekana kwenye kioo tangu sekunde ya kwanza. Mtu anayetazama barabara angekuwa na muda wa kukanyaga breki na hata kutukana.

Lazima nieleze hapa, maana mtu asiye wa kazi yetu hataelewa. Kwenye karakana vyerehani vinane vikinguruma pamoja, maneno hayasikiki. Ukiongeleshwa unageuka, unamtazama msemaji mdomoni, ndipo unaelewa. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Hata nyumbani, hata msibani, mtu akiniambia jambo la maana shingo inageuka yenyewe. Siwezi kusikia kitu kizito nikitazama kwingine. Mdogo wangu aliniambia neno zito kuliko yote, nami nikageuka kumtazama mdomo, gari likiendelea kwenda.

Na lilikuwa zito. Mdogo wangu ana miaka thelathini na tisa. Mimba mbili zimemtoka. Ile ya pili watu walikuwa wameshaleta nguo na beseni la kuogea, halafu wakarudi watu wale wale kutoa pole, na yeye akala yamini kwamba ikija nyingine hatamwambia mtu mpaka mwezi wa nne. Hata mumewe, shemeji yangu, ambaye kazi yake ya kuchimba visima humrudisha nyumbani mwisho wa mwezi tu, alikuwa bado hajui. Nilijua mimi peke yangu. Mimi na kamera.

Usingizi ulinipaa. Picha ilisema sina kosa. Sauti ilisema ninalo. Vyote viwili vimo kwenye kadi moja ndogo kuliko kifungo cha shati.

Asubuhi nikaanza kutafuta ushauri, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa rasmi.

Nilianza kwa muuza vifaa. "Sauti?" akasema, kana kwamba nimemuuliza habari ya jana. "Mama, sauti unaizima, kibonyezo hiki hapa."

"Ningeizima lini, na hukuniambia ipo?"

"Imeandikwa kwenye boksi." Boksi lenyewe lilikuwa na maandishi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyasoma. Kisha akainamisha kichwa. "Kama ni iliyokwisha rekodiwa, lete kadi. Dakika mbili nakutolea sauti, picha inabaki kama ilivyo. Watu wengi wananiletea."

Nikaenda kwa wakala wa bima. Yeye alikuwa anakula karanga akiitazama simu yake. Akasema wao wanataka picha tu, sauti hawana kazi nayo, kwanza zinajaza barua pepe. Nikapata ahueni. Nilipofika mlangoni akaniita. "Lakini uhakikishe haijaguswa," akasema. "Ikiwa imeguswa, hatulipi." Nikamuuliza kutoa sauti ni kuigusa au si kuigusa. Akatafuna kwanza. "Hilo waulize makao makuu."

Makao makuu hawakupokea simu.

Alasiri alikuja wakili, mteja wangu wa zamani, kupima joho lake jipya. Nikaona Mungu kanikumbuka. Nilimsimamisha juu ya kibao, nikapiga magoti na pini mdomoni, nikamweleza yote huku nakunja upindo. Sikutaja ni habari gani mdogo wangu aliniambia. Nilisema "jambo la faragha."

"Ulimjulisha abiria wako kuwa ndani ya gari kuna kitu kinachorekodi sauti?"

"Hata mimi nilikuwa sijui."

"Hilo si jibu, lakini tuliache. Stika kwenye mlango? Tangazo lolote? Hakuna. Basi umerekodi mazungumzo ya mtu bila ridhaa yake. Sauti hiyo ina matatizo."

"Kwa hiyo niitoe."

"Sikusema hivyo. Hicho ni kielelezo, na askari anajua kipo. Ukikigusa, umeharibu ushahidi. Hilo ni tatizo jingine, tena kubwa zaidi."

"Nikiiacha nina kosa, nikiitoa nina kosa."

"Inategemea."

Neno hilo silipendi. Ningekuwa na pini nyingine mkononi sijui ningeifanyia nini. Nikamuuliza inategemea nini, akasema inategemea hakimu, inategemea kama yule abiria atalalamika, inategemea nani ataitumia na kwa lengo gani. Kisha, akigeuka ili nimalize upande wa nyuma, akasema jambo moja lililonyooka siku hiyo nzima. "Gari ni lako na kamera ni yako. Sauti si yako. Kamuulize mwenye sauti."

Sitamficha msomaji: nilikuwa namkwepa. Mdogo wangu anashona vifungo kwenye mashine ya tatu kutoka dirishani, hatua sita kutoka meza yangu ya kukatia, na kwa siku tatu nilikuwa napitia mlango wa nyuma. Kichwani nilikuwa nimeshajipangia hadithi nzuri. Nilijiambia natoa sauti kwa ajili yake. Siri yake, mwili wake, machungu yake ya nyuma. Dada gani angeipeleka habari hiyo kituo cha polisi mbele ya wanaume wasiomhusu? Hadithi ilinikaa vizuri. Karibu niiamini.

Jumatatu nikamwita garini. Sisi mambo yetu makubwa tunayaongelea garini, kwa sababu karakana ina kelele na nyumbani kuna masikio. Boneti lilikuwa bado limebonyea. Nikang'oa waya wa kamera kwanza, nikamwonyesha kwamba nimeung'oa, kisha nikamweleza.

"Nataka kusikia," akasema.

Nikamchezea kwenye simu, nilikokuwa nimeinakili. Alisikiliza akitazama mbele, mkono juu ya tumbo. Ilipofika kwenye mlio akafumba macho.

"Usiwe na wasiwasi," nikasema. "Yule wa duka la vifaa ataitoa sauti. Siri yako haitoki nje."

"Unanilinda mimi au unajilinda wewe, dada?"

Nilikasirika. Niliwaka kweli kweli, nikamwambia hana shukrani, kwamba mimi nimekimbia mji mzima kwa ajili yake, nimepiga magoti mbele ya wakili kwa ajili yake. Nilisema mengi. Mtu akikuvua nguo hadharani huwezi kumshukuru, hata kama hadhara yenyewe ni mtu mmoja ndani ya gari bovu.

Aliniacha nimalize. "Mimi nilimwona," akasema. "Alikuwa ananitazama. Alidhani na wewe unamtazama. Yeye kapita taa isiyo yake, hilo ni lake. Lakini ukitoa sauti, yote yanakuwa yake, na kazi anapoteza."

"Na siri yako?"

"Wakili kasema aulizwe mwenye sauti. Nimeulizwa. Yangu icheze. Yako uamue mwenyewe."

Akafungua mlango, akarudi kwenye vifungo vyake. Nilibaki pale nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Kama alikuwa ameniruhusu, kwa nini nilihisi nimefungwa zaidi? Kabla ya hapo nilikuwa na yeye wa kujifichia. Sasa hata huyo sina.

Jumanne sikwenda kwa muuza vifaa. Jumatano nilikwenda, nikasimama nje, nikanunua kitambaa cha kufutia kioo ambacho sikukihitaji, nikarudi. Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa uamuzi au uoga.

Alhamisi tulikutana chumba cha nyuma cha kituo. Chumba chenyewe kidogo, meza moja, benchi mbili, feni inayozunguka kwa shida. Askari mwenye kompyuta katikati. Upande mmoja msimamizi wa mikate na faili lake, na mtu wa mikate mwenyewe, mguu mzima kwenye plasta, magongo yameegemezwa ukutani. Upande wa pili wakala wa bima, mimi, na mdogo wangu. Nilimpa askari kadi. Akaichomeka, akaigeuza kompyuta ili wote waone.

Ikacheza. Makutano, benki, taa ya kijani, baiskeli, kioo kutikisika. Kimya kabisa.

Nilidhani nimekuwa kiziwi. Kisha nikaelewa: spika ya kompyuta ile ya serikali ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyefikiria kuiwasha.

"Kijani," akasema askari. Akairudisha nyuma, akaisimamisha pale taa inapoonekana. "Kijani tupu. Mnakubali?"

Wakala akakubali. Msimamizi akafuta miwani, akaitazama sana ile taa, akakubali. Mtu wa mikate aliinamisha kichwa. "Niliona njano," akasema kwa sauti ya chini. "Labda ilikuwa imeshabadilika. Nilikuwa nimechelewa." Msimamizi wake akafunga faili. Alilifunga taratibu, kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Imekwisha, nikasema moyoni. Sikuigusa kadi. Sikutoa chochote. Hakuna sheria niliyovunja, wakili mwenyewe asingeweza kunikuta na kosa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya tu, na kimya ni jambo rahisi kuliko yote. Askari alikuwa ameshachukua kalamu. Mdogo wangu hakunigusa kiwiko, hakukohoa, hakufanya lolote. Nilimtazama mtu wa mikate: vidole vya mguu vilivyochomoza kwenye plasta vilikuwa vimepauka, na alikuwa anavikunja na kuvikunjua, kuona kama bado vinamtii.

"Afande," nikasema, "ina sauti."

Askari akanitazama kana kwamba nimeongea usingizini. "Ina nini?"

"Sauti. Washa spika."

Wakala wa bima alinifinya mkono. Nikauondoa.

Spika ikawashwa. Redio. Kisha mdogo wangu, kwa sauti kubwa kuliko alivyosema siku ile, akajaza chumba kizima cha polisi: ana jambo, asimwambie mtu, ana mimba, wiki ya kumi. Nini? Kisha zile sekunde nne. Sikujua kama sekunde nne zinaweza kuwa ndefu namna ile, feni inazunguka, watu sita hawapumui, na baiskeli iko pale kioo cha mbele mchana kweupe, inakua. Dada, tazama mbele. Dada, kuna mtu.

"Nilikuwa namtazama yeye," nikasema. "Sikuwa natazama barabara. Kwenye maelezo nimeandika alijitokeza ghafla. Hakujitokeza ghafla."

Askari aliweka kalamu chini, akaichukua, akaiweka tena. Akakuna kichwa. "Sasa hii ni nini?" akasema. "Yeye kapita taa. Wewe ulikuwa hutazami. Na hii sauti, huyu dada alijua anarekodiwa?" Mdogo wangu akasema hakujua, lakini ameridhia isikilizwe. Askari akauliza kama ameridhia kwa maandishi. Wakala akasema itabidi aulize makao makuu. Msimamizi akafungua faili tena, akapekua kurasa mbili, akasema kanuni yao inazungumzia kosa la mwendesha baiskeli na kosa la dereva, lakini haisemi kitu kuhusu yote mawili kwa pamoja. Mwishowe askari aliandika kwamba pande zote mbili zina sehemu yake na jalada linapanda kwa mkuu wake. Leseni yangu akaiweka ndani ya bahasha, kwa muda, akasema, na nilipomuuliza muda gani, akasema inategemea.

Mdogo wangu alikuwa ameinamia viatu vyake. Wanaume wanne walikuwa wamesikia siri ambayo mumewe hajaisikia, na kila mmoja alikuwa anatazama kwingine: ukuta, feni, faili.

Isipokuwa mmoja. Mtu wa mikate alisogeza plasta yake kwa mikono miwili, akajigeuza kwenye benchi mpaka akawa anamtazama mdogo wangu usoni.

"Hongera, dada," akasema.

Mdogo wangu akainua kichwa. "Asante," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunipa hongera."

Hakulisema kwa kunichoma. Nilimjua, lilimtoka tu. Lakini nilihesabu, tangu Jumanne ile mpaka Alhamisi hii. Siku tisa nilikuwa nimeibeba habari yake kwa askari, kwa wakili, kwa bima na kwa muuza vifaa, nimeirudia kwenye kompyuta mpaka nikaijua sekunde kwa sekunde, na jibu nililompa mdogo wangu lilikuwa bado lile lile lililomo kwenye kadi: "Nini?"